Goti linalouma halitaki kufungiwa nyumbani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumze na wakaaji wenzangu wa Bukavu, hasa akina mama wa Kadutu na Bagira wanaopanda na kushuka vilima kila siku na mzigo mgongoni, kuhusu maumivu ya goti ambayo waganga huyaita artroze, yaani kuchakaa kwa kiungo.

Kwa miaka miwili niliambiwa nipumzike. Nilimeza vidonge nilivyouziwa dukani bila kupimwa, hadi tumbo likaanza kuniwaka moto, na goti likazidi kukakamaa. Hakuna aliyenieleza kwamba gegedu la goti, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, bali hulishwa na ute wa kiungo pale goti linapobanwa na kuachiliwa katika mwendo. Wala kwamba misuli ya mbele ya paja ikilegea kwa kukaa, uzito wote huliangukia goti lenyewe.

Mtaalamu wa kinezi, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliyenipokea baadaye hakuanza na mashine. Alileta kiti cha mbao akaniambia nisimame na kuketi mara kumi, mikono imekunjwa kifuani. Nilifika nne. Kisha alinisimamisha kwa mguu mmoja kando ya ukuta, kidole kimoja tu kikiugusa, kwa kuwa goti bovu hupungukiwa hata na hisia ya kujua limekaaje, na mtu wa namna hiyo huyumba upesi kwenye mteremko, tena mvua ikiwa imenyesha! Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayakatazwi, mradi yawe yametulia kesho yake. Yakizidi, zoezi hupunguzwa, haliachwi.

Huko Denmark, tangu 2013, kuna mpango ambao wagonjwa kama sisi hupewa mafunzo na vipindi 12 vya mazoezi chini ya usimamizi, mara mbili kwa juma. Vifaa vyake vingi si vya gharama. Goti lililovimba ghafla na lenye joto, au linaloambatana na homa, hilo lipelekwe kwa daktari kwanza.

Ombi langu kwa vituo vya afya vya mji huu ni kwamba baraza wanapopimia watoto uzito litolewe asubuhi moja kwa juma kwa wenye magoti. Viti vipo tayari. Mimi sasa ninafika kumi na mbili, na kutoka sokoni ninashuka peke yangu, polepole, bila kumshika mjukuu bega.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu