Shukrani kwa fundi aliyenizuia kupandisha gari kupita kiasi
Ndugu fundi ambaye jina lako sikulipata, nakushukuru kwa dhati kwa kunishauri niinue gari langu kuukuu la foo-wili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) kwa sentimita 5 tu, kwani kuzidisha hapo kungeongeza pembe ya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu), kukaleta mtetemo na kulifanya liyumbe kwenye kona za lami ninayoipita kila siku. Ulilala chini ya gari, ukaichokonoa bushi (kipande cha mpira kwenye viungio vya chini ya gari) kwa ncha ya bisibisi na kunionyesha mpira uliopasuka hadi kwenye chuma. Ndipo nilipokubali kuanza na bushi na shokapu mpya kabla ya matairi makubwa. Kupunguza upepo wa matairi mchangani, kama ulivyonielekeza, kumeshaninasua mara mbili bila kuvutwa. Asante sana.