Urefu si kosa la Yes

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa muziki ameniudhi, hasa kwa sababu nusu ya aliyoyasema ni kweli. Anadai santuri ndefu za roki ya progresivu, ile ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, za miaka ya 1970 zilikuwa majivuno matupu, na mfano wake ni ule ule wa siku zote: Tales from Topographic Oceans ya bendi ya Yes kutoka Uingereza. Sahani mbili, pande nne, kila upande wimbo mmoja, dakika zaidi ya 80 kwa jumla.

Lakini mwaka uliotangulia, 1972, Yes hao hao walitoa Close to the Edge. Wimbo wake mkuu umejaza upande mzima, dakika 18 na ushei, nami sijui ningepunguza wapi. Kinanda cha kanisa anachopiga Rick Wakeman kinapoinuka katikati ya ule utulivu, kinatikisa kifua kwa kuwa tumengojeshwa. Ukate uwe wa dakika nne, utabaki na kishindo tu. Na sisi tuliokesha kwenye taarabu, fidla na vinanda vikizunguka wee kabla mwimbaji hajafungua kinywa, tukimbie dakika 18?

Kilichoiponza Topographic, iliyotoka Desemba 1973, ni kukata kanzu kabla ya kupima kitambaa. Jon Anderson, mwimbaji wa Yes, alisoma tanbihi katika kitabu cha Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India, iliyotaja maandiko ya Kihindu ya aina nne. Basi nyimbo zikawa nne, na kila upande ukalazimika kujazwa, kuwe na la kusema au kusiwe nalo. Wakeman mwenyewe alilalamika kwamba muziki ulizidi sahani moja na haukutosha mbili. Katika ziara ya santuri hiyo, walipokuwa Manchester, alifikia kula kari jukwaani wenzake wakiendelea kupiga! Mwaka 1974 akaondoka zake.

Wanunuzi hawakuchoka, maana ilipanda hadi nambari moja Uingereza. Hilo silitumii kama ushahidi. Vingi vibovu vimefika hapo.

Ushahidi wangu ni upande wa kwanza, ambao sijausikia ukichuja kwa miaka yote niliyokaa nao. Wa pili unaelea kama jahazi lililokosa upepo. Wa tatu ningeufyeka robo tatu bila huruma, ila kuelekea mwisho Steve Howe anachukua gitaa kavu, na kila mara mkono wangu unasita. Wa nne una purukushani ya ngoma ambayo jirani zangu wanaijua vizuri kuliko wanavyotaka.

Namwomba mwandishi wenu auweke ule wa kwanza usiku, simu ikiwa imezimwa. Wa pili namruhusu auruke.

Msomaji wenu,
Tanga