Mdahalo wa Jumamosi: saa imebadilika

Habari za jioni ndugu wanachama. Mdahalo umesogezwa: sasa ni saa 10 jioni, ukumbi uleule. Mada ni ileile: serikali ikishika chama cha wafanyakazi, mfanyakazi anabaki na nani? Tutaanzia 1964, TFL (shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika) ilipovunjwa, na NUTA (chama kimoja tu cha wafanyakazi nchini) ikaundwa kwa sheria, katibu mkuu wake akiwa ndiye waziri wa kazi. (Hapo nautaka moto!)

1. Mchango wa chai ni sh 3,000, umfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni.
2. Njoo na hati ya mshahara, tuulizane yale makato ya chama yanatufanyia nini. Ficha namba zako.

Upande wa kuitetea serikali una watu wawili tu, nani ajitolee? Jibuni NAKUJA au SIJI leo kabla ya kulala, tafadhali.