Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: zile wiki mbili zinaisha lini?

Mheshimiwa,

Shikamoo. Kwa umri pengine wewe ndiye ungeniamkia mimi, lakini cheo ni cheo.

Mimi ni yule mama lishe wa kitenge cha bluu. Mwezi wa tatu ulikuja mtaani kwetu, ukahutubia juu ya pikapu, nikanyoosha mkono nikauliza habari ya fegi zinazouzwa mbele ya lango la shule ya msingi. Ukasema, "Mama, nipe wiki mbili." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Sasa tuko mwezi wa kumi.

Juzi Jumatano mjukuu wangu wa darasa la tano karudi nyumbani mdomo unanuka sigara. Asubuhi nilimpa hela ya andazi. Hela hiyohiyo inatosha fegi moja pale mezani, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili mteja asihangaike. Laiti zahanati yetu ingejali wateja hivyo.

Babu yake alianza vivyo hivyo, mojamoja, enzi zake za ukondakta wa daladala. Akaja kuugua kifua kikuu, akameza dawa miezi sita, TB ikaisha, kifua kikabaki vilevile. Usiku analala ameketi, mgongo ukutani, na chumba chetu ni kimoja. Mimi nakesha nasikiliza kama pumzi inayofuata itakuja, halafu saa kumi alfajiri nawasha jiko. Zahanati walimwambia aache sigara. Aache vipi? Mtu kavuta miaka 30, anaambiwa neno moja huku foleni inamsukuma mgongoni!

Pakiti ina onyo, ndiyo. Huku uswahilini nani ananunua pakiti? Sisi tunachomolewa moja, onyo linabaki kwa muuzaji.

Kijana wangu kanisomea kwenye simu. Sheria ya kudhibiti tumbaku tunayo tangu 2003, na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani tuliuridhia 2007, na kifungu cha 16 kinazitaka nchi zijitahidi kukataza sigara za mojamoja. Tena mwaka 2016 shisha ilipigwa marufuku mkoani hapa, tukaona mbio za viongozi kwenye kumbi za starehe. Kumbe mkitaka mnaweza.

Kwa nini meza ile haiguswi, sijui. Wapo wanaosema mgambo wanapewa chochote. Kupewa sijaona. Nilichoona ni mgambo wakimwaga maharage yangu, eti jiko limekaa kwenye hifadhi ya barabara, kisha haohao wakavuka kwenda kuwasha fegi kwa kiberiti cha kamba.

Nilitaka nikuombe na mtu wa kuwasaidia wanaotaka kuacha, pale zahanati. Nilitaka niseme na vibanda umiza, watoto wanavyotazama mpira ndani ya moshi. Basi, hayo nayaacha. Naomba meza itoke langoni. Meza hiyo moja tu, Mheshimiwa. Inapangwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mwalimu wa zamu hajafika. Tuma mtu. Chai nitampa mimi.

Wako,
Mama lishe, ng'ambo ya lango la shule
Dar es Salaam