Taa za ndani ya gari zisifungwe bila fyuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Mwanza tunaopenda kujitengenezea taa za LED za mkanda ndani ya magari, chini ya dashibodi na pembeni mwa viti. Ni kazi nzuri, wala sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Gari langu linazo, na wanangu huzifurahia kila tuendapo safari ya usiku.

Mikanda niliibandika mwenyewe, ila kuunganisha umeme nilimwachia fundi. Mwezi uliopita, nikitoka Sengerema, nilikuwa nimeshavuka daraja la Kigongo–Busisi na kuipita Usagara niliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilizima gari, nikateremsha watoto, nikainua kapeti. Waya wa moto uliotolewa kwenye swichi ya ufunguo ulikuwa umepitishwa chini ya reli ya kiti cha dereva, na kila kiti kiliposogezwa ulisuguliwa, hata shaba ikachungulia na kugusa chuma. Gamba lake jekundu lilikuwa limeyeyuka na kugandana na kapeti kwa urefu wa kiganja. Fyuzi haikuwepo.

Wengi wetu hudhani kwamba fyuzi huwekwa kulinda taa, kumbe hulinda waya. Mkanda wa aina ya 5050 wenye taa 60 kwa mita hutumia takriban wati 14 kwa mita, yaani kama ampia 1.2 kwenye volti 12, kwa hiyo mita mbili zinatoshelezwa na fyuzi ya ampia 3. Waya ukipiga shoti kwenye bodi ya gari, betri yaweza kumwaga ampia mamia, na fyuzi kubwa za gari, zilizokusudiwa nyaya nene, huchelewa kukatika wakati waya mwembamba umeshakuwa kaa. Kwa sababu hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na pale umeme unapochukuliwa, si karibu na taa, kwani kipande chochote cha waya kilichotangulia fyuzi hakina mlinzi. (Wenye mabasi na malori ya volti 24 wanunue mkanda wa volti 24.)

Nawaomba wauzaji wa vifaa vya umeme jijini mwetu, kabla ya kumkatia mteja mkanda, wamuulize kama anayo fyuzi na kishikilio chake, na kama hana, wamuuzie vyote pamoja.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza