Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Viwango la Uganda: makabati yanawaangukia watoto wetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Nsambya. Mimi ni fundi seremala, mzaliwa wa Busia. Randa nilishikishwa na baba mdogo nikiwa sijamaliza shule, na huu ni mwaka wa kumi na nne natengeneza vitanda na makabati hapa kando ya barabara ya Ggaba, ambako sofa hupangwa hadi ukingoni mwa lami. Nakuandikia kwa sababu ya kabati moja nililolitengeneza kwa mikono yangu.

Lilikuwa la dada yangu, anayepanga muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kule Kireka. Nafasi haikuwepo, akaniambia, "Kaka, lifanye jembamba lakini refu." Nikalipa kimo cha sentimita 125 na kina cha 36, droo nne. Nyuso za droo nikaweka mvule, kwa kuwa nilitaka dada apendezwe. Mgongo nikaupigilia plaiwudi nyembamba, kwa kuwa mgongo hakuna anayeuona.

Machi mwaka jana mpwa wangu wa miaka miwili na nusu alivuta droo ya chini, akavuta ya pili, akaanza kupanda. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la biskuti. Mama yake alikuwa mlangoni anafua. Kabati likamjia mtoto lote. Ukingo wa kitanda ndio uliolidaka, likabaki limeinama, naye amebanwa katika ile pembe iliyobaki. Alivunjika mtulinga. Kitanda kile kingekuwa kwenye ukuta wa pili, leo ningekuwa naandika barua nyingine.

Alipopata nafuu aliniambia, "Mjomba, kabati lilinipiga." Sikupata la kumjibu.

Nililirudisha kabati karakana. Droo zikiwa zimefungwa lilisimama imara kabisa, ungeapa halina kasoro. Nikafungua mbili za juu, nikaweka ndani nguo zilezile za dada, kisha nikalisukuma kwa vidole viwili kutoka nyuma. Likaja. Uzito wote ulikuwa umehamia mbele ya miguu, na nyuma hapakuwa na kitu cha kuuvuta. Ongeza mtoto wa kilo kumi na mbili aliyesimama kwenye droo kama kwenye ngazi. Ongeza televisheni ya kichogo, ambayo kioo chake kizito kiko upande wa mbele, na bado nyumba nyingi zinayo. Ongeza yale niliyoyaona Bwaise, ambako watu huinua makabati juu ya matofali ili maji ya mafuriko yasiyafikie, tofali moja likizidi jingine kimo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za jambo hili, na nimejua kwamba wakubwa kuliko mimi walikosea vilevile. Juni 2016 kampuni ya IKEA, pamoja na tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, ilitangaza kurudishwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29, yakiwemo yale yaitwayo MALM, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Mnunuzi aliambiwa achague: arudishiwe fedha, au apewe bure vifaa vya kulifunga kabati ukutani. Novemba 2017 tangazo likabidi litolewe upya, idadi ya watoto waliokufa ikiwa imefika wanane. Mmoja wao, wa miaka miwili, alikufa California mwezi Mei mwaka huohuo, karibu mwaka mzima baada ya tangazo la kwanza. Mwaka 2020 kampuni ilikubali kuwalipa wazazi wake dola milioni 46.

Mheshimiwa, hapo ndipo naomba tusimame. Nchi ile ina risiti, ina anwani za nyumba, ina namba za bidhaa, na bado tangazo lilimpita mtoto yule. Sisi je? Kabati langu halina namba. Mteja hulipa fedha taslimu, hulipakia kwenye pikapu au hata nyuma ya boda, na hapo tumeagana. Akihama humuuzia jirani, jirani humpa shemeji yake wa Mukono. Leo ukiniambia niyarudishe yote niliyouza mwaka 2019, nitaanzia wapi? Kwa mazingira yetu, kabati likishavuka mlango wa karakana halirudi. Kinachohitajika kukiokoa kichwa cha mtoto kiwekwe kabla halijatoka.

Na kitu chenyewe ni kidogo. Ni kona ya chuma, skrubu mbili za mbao, skrubu moja ndefu na kile kiplastiki kinachoingia kwenye tundu la ukuta. Duka lolote la hadiwea Katwe linavyo, na bei yake haifiki hata ya mpini mmoja mzuri wa droo.

Marekani sasa uimara wa makabati haya ni sheria. Ilitiwa saini Desemba 2022, na kanuni zake zikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 2023. Kabati la nguo lenye kimo cha kuanzia sentimita 69 hivi hupimwa droo zikiwa na mzigo, likiwa limeinamishwa kidogo kana kwamba liko juu ya zulia, na kwa nguvu inayoigiza mtoto wa kilo 27. Hapa Nsambya sina mashine ya namna hiyo. Ninalo gunia la posho, yaani unga wa mahindi, la kilo 25. Nafungua droo zote, nalining'iniza gunia kwenye droo ya juu, nasubiri. Kabati likiinua kisigino, haliuzwi: naongeza kina, au nafunga ubao mzito chini upande wa nyuma. Tangu Machi nimerekebisha saba kwa njia hiyo, na vijana wangu wawili sasa huleta gunia bila kuambiwa.

Ninachokuomba ni kanuni ya lazima: kabati lolote la droo linalofika kimo hicho cha sentimita 69 lisitoke karakana wala dukani bila kona na skrubu zake, na bila kupimwa, hata kama ni kwa gunia. Maofisa wako walioko mpakani Busia na Malaba wayaulize maswali hayohayo makabati yanayoingia kutoka nje, mapya na mitumba. Lakini usituanze kwa faini. Tuma mtu aje na kabati na gunia, atuonyeshe Nsambya, aende na Ndeeba, na aongee Kiganda na Kiswahili, maana wengi wetu karatasi za Kiingereza hufungia misumari. Na siku mkigundua bidhaa mbaya, tangazo lipite redioni na kwa wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya kijiji. Mwenyekiti ndiye anayejua ni nani aliyehamia na kabati gani.

Kuna jambo jingine ambalo fundi hana uwezo nalo. Dada yangu alipotaka kulifunga kabati, mwenye nyumba alikataa ukuta wake usitobolewe. Matundu mawili, kila moja halizidi kidole kidogo! Nilimfuata mwenyewe, nikamwonyesha picha ya mtoto akiwa na kitambaa begani, ndipo akakubali. Wapangaji wangapi watakuwa na picha ya kuonyesha? Neno kutoka ofisi yako, lenye muhuri, lingewafungulia mlango huo.

Kabati lenyewe limerudi Kireka, limefungwa ukutani kwa kona mbili. Kopo la biskuti sasa liko kwenye droo ya chini. Mimi niko karakana kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, isipokuwa Jumapili, na gunia liko pale mlangoni.

Wako mtiifu,
Fundi seremala, Nsambya, Kampala