Hizo asilimia za shabaha kahesabu nani?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu ujana na sijawahi kukuandikia. Ila ile taarifa yenu ya makombora "yasiyokosea", na asilimia zake za shabaha, imenikaa kooni.

Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, Rais George Bush wa Marekani alisimama ndani ya kiwanda kinachounda Patriot, kombora la kuzuia makombora, akawaambia wafanyakazi kuwa Scud 42, yale makombora ya Iraq, zilikabiliwa na 41 zikazuiwa. Siku kumi baadaye Scud iliangukia kambi ya Wamarekani Dhahran, Saudi Arabia, ikaua askari 28; Patriot iliyokuwa ikilinda pale saa ya kompyuta yake ilikuwa imepotea hesabu. Mwaka 1992 wakaguzi wa Bunge la Marekani walipata ushahidi wa nguvu kwamba Scud iliharibiwa katika asilimia 9 hivi tu ya makabiliano yale. Muuzaji ndiye mpimaji, nanyi mwachapa kama kasuku.

Juzi hapa maskani kijana mmoja alitusomea taarifa yenu yote kwa sauti, kisha akanigeukia: "Mzee, siku hizi kombora lachagua dirisha." Nikamwuliza, dirisha la nani? Maskani nzima ikanicheka. Haya, nijibu wewe. Agosti 20, 1998, wiki mbili hazijatimia tangu mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, makombora ya Marekani ya Tomahawk yalipiga kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum, Sudan, pale pale yalipoelekezwa. Shabaha mia kwa mia! Kilikuwa kiwanda cha dawa, na yale madai ya Marekani kuwa kilitengeneza kemikali za silaha hayajathibitishwa hadi leo. Na hapa jirani Somalia, kamandi ya Marekani ya Afrika ilishikilia kuwa mashambulizi yake ya anga hayajaua raia hata mmoja. Amnesty, shirika la haki za binadamu, ikatoa ripoti ya raia waliouawa Machi 2019, kamandi ikaikana. Aprili wakakiri kwamba shambulio la mwaka uliotangulia liliua mwanamke na mtoto. Al-Shabaab nao siwatetei, hesabu zao hupikwa kabla moshi haujatulia. Lakini wao hamwachapi bila kuandika "wanadai".

Halafu masahihisho yenu. Habari yenyewe ukurasa wa kwanza, kosa lake mwalizika ndani, chini ya matangazo ya vifo.

Basi kila mchapapo asilimia ya shabaha, wekeni pembeni, kwa herufi za ukubwa ule ule, jina la aliyehesabu, na kama silaha hiyo yeye ndiye aiuzaye, bei yake pia. Nafasi ikikosekana, ondoeni ule utabiri wa nyota. Nao hamjatuambia umepatia asilimia ngapi.

Msomaji wenu,
Mombasa